Nione: Habari za Masahihisho Katika Nchi ya Mto Mara

Liko neno moja ambalo kila mtu aliyepata kukaa dawatini katika nchi yetu amelikuta siku moja ndani ya daftari lake, limeandikwa kwa wino mwekundu chini ya kazi iliyoharibika, nalo ni neno Nione. Mimi nililipata nikiwa darasa la tano, katika shule moja ya msingi ya wilaya ya Tarime, chini ya insha ya ukurasa mmoja na nusu niliyoiandika juu ya mavuno ya ulezi. Na mwalimu aliyeliandika alikuwa ameikaza kalamu hata alama ya herufi zake ikapenya mpaka ukurasa wa pili, nikaweza kulisoma neno lile kwa kulipapasa kwa kidole. Nilikwenda kumwona nikitetemeka. Alinikalisha juu ya jiwe chini ya mti uliokuwa nyuma ya ofisi, akanisomea insha yangu mwenyewe kwa sauti, polepole, na kila alipofika mahali palipoharibika alinyamaza kidogo akanitazama. Hakutamka neno la ukali hata moja, nami nikayasikia makosa yangu kwa masikio yangu kabla hajanionyesha lolote. Tangu siku ile naamini kwamba wino mwekundu ni nusu tu ya masahihisho, na nusu ya pili ni uso na sauti ya yule anayesahihisha; na muradi wa makala haya ni kueleza jinsi nusu hiyo ya pili ilivyopotea kwa wasomi wa elimu ya juu walio mbali na vyuo vyao, ilivyotafutwa kwa njia nyingi, na jinsi inavyorejea sasa katika picha za video ambazo baadhi ya wahadhiri huwatumia wanafunzi wao pamoja na kazi walizozisahihisha.

Mto Mara hutoka katika misitu ya Mau huko Kenya, ukapita katika mbuga za Serengeti, na kwa masafa marefu ukaitenga wilaya ya Tarime, iliyo kaskazini, na wilaya ya Serengeti, iliyo kusini, kabla haujaingia katika vinamasi na kujimwaga katika Ziwa Victoria. Wakurya wa upande wa kaskazini, na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waissenye wa upande wa kusini, walikuwa na elimu kubwa iliyohifadhiwa vifuani mwao karne nyingi kabla ya daftari la kwanza kufika: majina ya rika na vizazi kwa utaratibu wake, mipaka ya koo, njia za kuhama, miaka ya njaa na mahali pa maji. Elimu hiyo ilisahihishwa papo kwa papo. Wazee walipoketi kukizunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu mkononi, na mmoja wao akasimulia habari za zamani akakosea kutanguliza kizazi kimoja mbele ya kingine, mwenzake aliutoa mrija kinywani, akairudisha habari mahali pake, na msimulizi akaendelea bila ya kuona haya, kwa sababu kusahihishwa kulikuwa sehemu ya kusimulia. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Serengeti ya magharibi katika miaka ya 1990 na kuyatia katika vitabu, alifanya kazi yake kwa kuketi na wazee hao. Na mtu akizisoma kurasa zake huona kwamba historia ya nchi hii haikuwa mali ya kinywa kimoja.

Huko pwani nako, ambako kuandika ni jambo la kale, masahihisho hayakutengana na sauti. Mtoto wa chuo cha Kurani aliandika aya zake juu ya ubao kwa wino wa masizi, akasoma mbele ya mwalimu wake, na mwalimu akamrekebisha herufi kwa herufi, matamshi kwa matamshi, ndipo ubao ukaoshwa kwa maji na kuandikwa upya. Huku Mara nako, wamisionari Waadventista walipoingia Majita na Ikizu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wamennonite walipofungua kituo chao Shirati mwaka 1934, shule walizozianzisha zilikuwa na karatasi chache na vibao vingi, na kazi iliyoandikwa kibaoni haina budi kutazamwa pale pale, maadam baada ya dakika chache itafutwa ili nafasi ipatikane kwa hesabu nyingine. Mwaka huo huo wa 1934 mtoto mmoja wa Butiama, Julius Nyerere, aliingia Shule ya Mwisenge pale Musoma. Naye, aliyekuja kuitwa Mwalimu na taifa zima, alisomeshwa na watu aliowaona uso kwa uso.

Mambo yalibadilika kwa elimu ya juu. Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimeanza mwaka 1858 kuwatahini watu ambao hawakukanyaga ukumbi wake, na utaratibu huo ulienea katika makoloni hata vyuo vya Afrika vikalelewa chini ya kivuli chake: Makerere ilitoa shahada za London kwa miaka mingi, na chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la chama cha TANU mjini, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964, nacho kilianza katika uhusiano huo huo. Utaratibu huu haukuwa mbaya, kwa kuwa uliwapa wasomi wetu shahada ambazo hapana mtu aliyeweza kuzidharau. Lakini ulileta mazoea mapya, kwamba kazi ya mtu yaweza kuhukumiwa na mtu asiyemjua, katika mji asioujua, na hukumu hiyo ikarudi ikiwa herufi moja tu ya alama. Herufi hiyo humwambia mwanafunzi pale alipofika, wala haimwambii alipopotea njia.

Katika historia hii Mkoa wa Mara una mahali pake pa pekee, na huenda wengi wa wenyeji wake hawalikumbuki jambo hilo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na katika mkutano huo lilizaliwa Azimio la Musoma, lililoamuru elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977, na fauka ya hayo likabadilisha njia ya kuingia chuo kikuu, ili kijana asitoke sekondari moja kwa moja kwenda Mlimani bali afanye kazi kwanza na aje na ushahidi wa mwenendo wake. Viongozi walikwisha kuchoshwa na elimu iliyopimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho. Na tangu mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku, yaani mazoezi na kazi zake darasani na nje ya darasa, yakaanza kuhesabiwa katika shule za sekondari pamoja na mtihani wa taifa. Zoezi la kawaida likapata heshima ambayo halikuwa nayo, na kwa hiyo masahihisho ya zoezi hilo nayo yakawa jambo zito.

Lakini watoto wote wa nchi hawawezi kuingia darasani bila ya walimu, na walimu hawakuwapo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka vijijini wafundishe kwa muda na wasome kwa muda, kwa masomo yaliyokuja kwa posta, kwa vipindi vya redio, na kwa msaada wa Waratibu Elimu wa kata, kisha wakakamilisha chuoni kwa majuma machache. Katika muda wa miaka mitano au sita zaidi ya walimu elfu thelathini walihitimu kwa njia hiyo, nao ndio wanaoitwa mpaka leo walimu wa UPE, kwa kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Watu waliwacheka na wengine huwacheka hata sasa. Mimi sitawacheka, kwa sababu vijiji vingi vya nchi hii vilifunguliwa macho na vijana hao, na kwa sababu kusoma peke yako penye taa ya chemli, baada ya kufundisha watoto sabini mchana kutwa, ni jihadi ambayo wengi wa wenye shahada hawajapata kuijaribu.

Elimu kwa njia ya posta ilikuwapo nchini kabla yao. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilikuwa kikituma masomo kwa watu wa vyama vya ushirika tangu miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa msaada wa Uswidi, ilijenga utaratibu wa nchi nzima wa kusoma kwa barua. Hebu fikiri safari ya zoezi moja. Mwanafunzi wa Tarime aliandika majibu yake, akayatia katika bahasha ya kaki, akaipeleka posta. Kabla ya daraja la Kirumi kujengwa, gari lilifika ukingoni mwa Mto Mara likangoja pantoni. Kutoka Musoma barua ilikwenda Mwanza, na kutoka Mwanza kwa gari moshi mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja, kisha ikangoja zamu yake mezani mwa msahihishaji, na baada ya hayo yote ikaanza kurudi. Huko Serengeti, masika yalipoifanya njia ya mji wa Mugumu kuwa tope, siku ziliongezeka bila ya mtu wa kulaumiwa.

Marehemu mjomba wangu alisoma hivyo, katika chuo kimojawapo ambacho sina haja ya kukitaja, na karatasi zake zilizosahihishwa alizihifadhi katika sanduku la bati chini ya kitanda, zimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nilizifungua baada ya mazishi yake. Zilikuwa safi, mwandiko wake umesimama wima kama askari, na pembeni kulikuwa na alama za vema na za kosa, na hapa na pale neno la pekee, Vema, au Hafifu, au Fafanua. Katika zoezi moja la hesabu ya riba, chini kabisa, mkono wa mtu ambaye hakupata kumjua ulikuwa umeandika Nione.

Nilikaa na karatasi ile kwa muda mrefu. Msahihishaji yule hakuwa na nia mbaya. Aliandika kwa mazoea ya mkono wake, kama alivyoandika miaka yote katika madaftari ya watoto waliokuwa mbele yake, naye akasahau kwamba mtu aliyeitwa aje amwone alikuwa ng'ambo ya nchi, ana shamba, ana darasa, na nauli hana. Mjomba wangu alilijibu neno lile kwa njia aliyoiweza. Nyuma ya karatasi aliifanya hesabu ile upya mara tatu, kwa njia tatu mbalimbali, na mara zote tatu alikosea pale pale.

Sauti ilitafutwa kwanza kwa redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza nchi nzima, nayo ikadhihirisha kwamba mkulima aliye mbali na mji yuko tayari kusoma endapo mtu atasema naye kwa lugha anayoifahamu. Redio ilikuwa neema kubwa, ila ilisema na wote kwa pamoja, na kosa la mtu mmoja halisahihishwi kwa kutangazwa. Televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, haikuanza bara mpaka mwaka 1994, na hata ilipoanza ilikuwa na upungufu huo huo.

Ni katika mwaka huo wa 1994 Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza chini ya uongozi wa Profesa Geoffrey Mmari. Sidhani kama kuna chuo kilichomfaa zaidi mtu wa Tarime au wa Mugumu aliyekuwa na kazi na watoto na kiu ya elimu. Chuo hicho hakikumwambia aache vyote ahamie Dar es Salaam, bali kilimfuata kwa vituo vya mikoa, akafanya majaribio yake na mitihani yake karibu na kwake, na kwa siku chache za mwaka akakutana na wahadhiri ana kwa ana. Mtu akitaka kujua thamani ya uso wa mwalimu awaulize wale waliosafiri usiku kucha ili wawahi mikutano hiyo. Waliandika maswali yao katika vikaratasi kwa miezi, wakayakunja mifukoni, wakayamwaga yote katika asubuhi moja.

Basi kamera iliingiaje katika habari hii? Iliingia kwa mlango wa ualimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, wakufunzi walianza kumwambia mwanafunzi wa ualimu afundishe kipindi kifupi cha dakika chache mbele ya wanafunzi wachache, wakampiga picha, kisha wakaketi naye wakaitazama picha hiyo pamoja, akajiona alivyogeukia ubao akawapa watoto mgongo, au alivyouliza swali akalijibu mwenyewe. Zoezi hilo la kufundisha kipindi kifupi mbele ya wenzao limeenea katika vyuo vya ualimu vya dunia nzima, pamoja na vya kwetu, ingawa aghalabu kwetu hufanyika bila ya kamera. Hapo picha ilikuwa kioo cha mwanafunzi. Ilichukua miaka mingi kabla watu hawajafikiri kuigeuza kamera imwelekee anayesahihisha, ili mwanafunzi amwone yeye.

Jambo hilo liliwezekana kamera ilipokuwa kitu cha kutiwa mfukoni. Kati ya waliolichunguza kwa makini ni Michael Henderson na Michael Phillips wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ambao mwaka 2015 walichapisha uchunguzi wao juu ya kuwapa wanafunzi masahihisho kwa video fupi ya dakika chache, mhadhiri akikaa mbele ya kamera na kusema na mwanafunzi mmoja, kwa jina lake, juu ya kazi yake mwenyewe. Wanafunzi wengi waliona kwamba wamesemeshwa wao wenyewe, wakaelewa vizuri zaidi, wakaamini kwamba kazi yao imesomwa kweli kweli. Na baadhi yao walisema jambo ambalo mimi nalielewa mno, kwamba iliwatia hofu kidogo kabla ya kuifungua. Hofu hiyo naifahamu tangu darasa la tano. Ni hofu ya mtu anayejua kwamba anatazamwa na anayemjali.

Kwetu mlango ulifunguka mwaka 2009, waya wa kwanza wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, na mkongo wa taifa ukaanza kuyasambaza mawasiliano hayo mikoani. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, mpaka vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni, wahadhiri wengi walitambua kwa ghafula kwamba kazi ya mwanafunzi yaweza kufika na kurudi kwa simu katika dakika ile ile. Na wapo ambao tangu hapo hawaandiki tena pembeni mwa karatasi peke yake, bali huishika simu, wakaipiga picha kazi iliyo mezani na kusema huku kidole kikipita juu ya mistari.

Sitaki msomaji adhani kwamba nasifu kila kilicho kipya. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kumrekodia kila mmoja dakika tano, kwani jumla yake ni saa ishirini na tano za kusema tu, kabla ya kusoma. Na anayemtaka afanye hivyo bila ya kumpunguzia mzigo hamtendei insafu. Bando nalo ni gharama, na mwanafunzi aliye kijijini hulipima kama apimavyo mafuta ya taa. Tena lipo jambo la sitara, ambalo wazee wa pwani na wa bara walikubaliana juu yake, kwamba mtu mzima huonywa faraghani: video iliyotumwa kwa mmoja ikapelekwa katika kundi la WhatsApp la darasa zima huacha kuwa nasaha ikawa fedheha, na hatia hapo ni ya aliyeisambaza. Lakini tuseme kweli, hata neno Nione halikuandikwa katika kila daftari. Liliandikwa pale mwalimu alipoona kwamba wino hautoshi, na kipimo hicho kingali kipimo chema. Mwenye kosa la herufi moja asahihishwe kwa kalamu. Yule aliyeifanya hesabu mara tatu akaanguka pale pale mara tatu, huyo anahitaji sauti.

Mwezi uliopita nilimtembelea jamaa yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho mbele ya Mugumu, ambaye anasomea shahada huku akifundisha. Kijijini kwake mtandao ni dhaifu, kwa hiyo siku ya gulio hufika Mugumu, akasimama mahali penye nguvu ya mtandao, akazipakua barua na video zake zote kwa pamoja, kisha akarudi nazo nyumbani. Usiku ule, watoto walipolala, aliiegemeza simu kwenye bilauri chini ya taa ya sola, akaniruhusu nitazame naye. Juu ya kioo ilionekana insha yake mwenyewe, na kidole cha mwanamke chenye pete nyembamba kikienda juu ya aya ya pili. Na nyuma ya sauti ya mhadhiri yule, kutoka huko mjini alikokuwa, jogoo aliwika, naye akanyamaza mpaka jogoo akamaliza. Kisha akamtaja jamaa yangu kwa jina. Akamsomea sentensi yake moja ndefu, polepole, na alipofika katikati alisita.

"Hapa," jamaa yangu akasema, akaisimamisha video, akairudisha nyuma, akaisikiliza sentensi yake kwa mara ya pili. Akaivuta karatasi na penseli, akaikata sentensi ile vipande viwili. Na alipokwisha kuandika akaibonyeza simu iendelee, aone kama mwalimu wake ataikata pale pale alipoikata yeye.